Mguu wa Kulia wa Mwas

Gitothua, Ruiru
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa Mwamuzi Ndila Maluki,

Hujambo. Jina langu ni Warigia, fundi wa nguo hapa Gitothua. Hunijui, lakini Jumamosi ulimtoa mjukuu wangu kwenye fainali ya besiboli, na mimi nilikuwa nimeketi pale kando na chupa ya chai na mwavuli.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu mtu huanza kukasirika kabla hajasikia swali. Mutiso wa duka la nyuzi huko Thika hunipitia Jumanne na Ijumaa na vifungo na zipu. Yeye ndiye atakuletea barua hii. Ameniambia ninyi ni majirani Kamenu, na kwamba wewe huumi.

Sasa niseme nilichoona, nawe unisahihishe. Ulikuwa mwisho kabisa wa mchezo, tumebakiza mtu mmoja tu wa kutolewa, na Thika wanaongoza kwa pointi moja. Mwas wetu amesimama na gongo lake. Mwenzake Kagwe yuko beisi ya pili. Mpira ukarushwa, Mwas hakuupiga. Kagwe akachomoka kwenda beisi ya tatu. Yule mdakaji wa Thika, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago usoni, akaruka juu ili amrushie mwenzake mpira wamnase Kagwe. Akagongana na Mwas, mpira ukaenda kwenye nyasi, Kagwe akakimbia mpaka kibao cha nyumbani, akapata pointi. Sare! Nilirusha mwavuli. Halafu wewe ukainua mikono, ukamwelekezea Mwas kidole, ukasema ametoka. Pointi ikafutwa na mchezo ukaisha hapo hapo.

Nina maswali matatu. Mtu anatolewaje na hajapiga kitu? Alifanya nini hasa? Na je, unaamini alikusudia?

Hilo la tatu ndilo linaloninyima raha. Watu wa Thika walimwita mwizi. Hata wenzake wamesema alicheza rafu ikamrudia. Mwas ana miaka kumi na tisa na nimemlea tangu akiwa na mitatu. Amesukuma gongo lake nyuma ya kabati na kumwambia Kocha Karanja kwamba yeye na besiboli basi. Tarehe 29 wanachagua vijana wa timu ya kaunti, kitu ambacho amekingoja tangu akiwa shuleni.

Kama alicheza rafu, nataka kujua nimkanye. Kama hakucheza, nataka karatasi yenye mkono wako inayosema hivyo. Ila usinijibu kwa huruma.

Warigia, fundi


Kamenu, Thika
Alhamisi, 6 Machi 2025

Kwa Bi. Warigia,

Salamu. Mwamuzi haruhusiwi kujadili uamuzi wake na jamaa ya mchezaji. Kueleza sheria hakujakatazwa, kwa hivyo nitaeleza sheria tu.

Mdakaji akitaka kurusha mpira, mpigaji hafai kumzuia. Mpigaji akitoka nje ya boksi lake akamzuia, au akifanya mwendo wowote mwingine unaomzuia, basi ametoka, na wakimbiaji wanarudi walikokuwa. Kama mdakaji angefaulu kumnasa Kagwe hata baada ya kugongana, ningenyamaza na mambo yangeishia hapo. Hakufaulu.

Boksi ni ule mstatili wa chokaa anamosimama mpigaji, kando ya kibao cha nyumbani. Upana futi nne, urefu futi sita. Mguu wa kulia wa Mwas ulikuwa nje ya mstari kwa upana wa kiganja. Niliuona mchana kweupe na sina shaka.

Kuhusu swali lako la tatu, sheria haiulizi kama mtu alikusudia. Mimi pia siulizi. Nikianza kupima nia za watu nitakuwa mhubiri, na kanisani kwetu tunao wa kutosha.

Nasikitika kusikia habari za mjukuu wako, lakini sina karatasi ya kukuandikia.

Ndila Maluki

Mutiso amekudanganya. Mimi huuma.


Gitothua
Jumatatu, 10 Machi 2025

Kwa Mwamuzi Anayeuma,

Nimeipenda barua yako. Imenyooka. Nimeisoma mara nne, na mara ya tano nikaamka nikaenda uani kuijaribu.

Nilichora boksi kwa chaki yangu ya kitambaa. Kifuniko cha sufuria kikawa kibao cha nyumbani. Jirani yangu Ciku akachuchumaa nyuma yangu, kipande cha pazia usoni badala ya kinyago. Mimi nikashika mwiko wa ugali. Kila nikisema "sasa", Ciku alikuwa aruke na kurusha bonge la vitambaa kwenye mlango wa choo, na huo ndio ulikuwa beisi yetu ya tatu. Watu wa ploti walitoka wote kutazama. Mmoja akauliza, "Cucu, hii ni maombi ama ni mazoezi?" Nikamwambia ni uchunguzi.

Nimegundua jambo ambalo sikulitarajia. Nikisimama tuli, Ciku anapata njia, ananizunguka upande huu au ule na kurusha. Nikisogea, hata kidogo, tunagongana. Unalijua hili? Bila shaka unalijua, ni kazi yako. Mimi nimelijua leo na nina miaka sitini na sita.

Kwa hivyo nina maswali mengine. Mpigaji akisimama tuli ndani ya boksi na mdakaji amrushie mpira mgongoni, mwenye makosa ni nani? Na wachezaji wakishaifuta chokaa kwa viatu, wewe unajuaje boksi liko wapi? Na hili ni la mtu anayependa vipimo tu, usilichukulie vingine: kama mstari wenyewe umechorwa vibaya, mguu una makosa gani? Una uhakika ni nne kwa sita, si tatu kwa saba?

Mwas sasa anaosha magari hapo barabarani. Anarudi, anakula, anaosha sahani, analala. Zamani alikuwa akinieleza mchezo mzima kwa kijiko na chumvi juu ya meza, na mimi nikimwambia anyamaze nishone. Sasa nashona kwa kimya na sipendi.

Warigia


Kamenu
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mama Warigia,

Nimecheka hapa dukani mpaka mteja aliyekuja kununua chakula cha kuku akaniuliza kama niko sawa.

Haya, majibu. Mpigaji akisimama tuli ndani ya boksi lake, kwa kawaida hana makosa. Mdakaji ndiye atafute njia. Kuhusu chokaa, kufikia nusu ya mchezo mstari wa karibu na kibao huwa umefutika na tunautumia kwa kumbukumbu. Lakini siku ile mstari wa nje ulikuwa bado mzima, umenyooka kama pindo la suruali. Sijawahi kuona uwanja wa Ruiru umechorwa vizuri hivyo.

Na hapo nina swali langu, maana si wewe peke yako unayeruhusiwa kuuliza. Tatu kwa saba ni boksi la softiboli, ule mchezo wa wasichana. Hata waamuzi wengine hawakumbuki kipimo hicho. Fundi wa nguo amekijulia wapi?

Kuna kitu sikukiandika mara ya kwanza. Nimewatoa wapigaji wengi kwa kosa hili. Anayezuia kwa ujanja hujifanya ameteleza, au anainama kufunga kamba ya kiatu isiyofunguka, na kamwe hamtazami mdakaji. Mwas alitazama. Aligeuza kichwa juu ya bega, akamwona Mutie, yule mdakaji wa Thika, anainuka na mpira, ndipo akarudisha mguu wa kulia nyuma. Nimekuwa nikiuona mguu huo nikipima mahindi, nikipiga mswaki, na hata kanisani. Sijawahi kuona mtu akifanya rafu kwa adabu namna ile.

Muulize kwa nini alisogea. Mimi siruhusiwi. Wewe ni nyanya yake, nani atakukataza?

Ndila


Gitothua
Jumatatu, 17 Machi 2025

Ndila mwanangu,

Umeniuliza tatu kwa saba nimeijulia wapi. Nimezunguka swali hili siku tatu na limekataa kuondoka.

Ile mistari niliichora mimi.

Asubuhi ya fainali nilifika mapema na chai ya timu. Mzee anayechora uwanja alikuwa ameshikwa na mgongo, na Kocha Karanja alikuwa akikimbia huku na huku kama kuku aliyepoteza vifaranga. Nikamwambia, "Nipe hiyo chokaa, nimechora mistari miaka arobaini." Kwenye stoo kulikuwa na fremu mbili za mbao za kuchorea boksi zimeegemea ukuta. Nilichukua ya mbele. Sikujua kwamba ziko za michezo miwili. Nilijisifu sana. Nilimwambia Ciku mistari ile ilinyooka kuliko ya wanaume.

Uliponiandikia nne kwa sita, niliikumbuka ile fremu. Jicho langu lilikuwa limeshaniambia ilikuwa nyembamba na ndefu, kama tatu kwa saba. Jumamosi nilienda na futi yangu ya shingoni nikazipima. Ile niliyotumia ni tatu kwa saba. Ile iliyokuwa nyuma yake ni nne kwa sita.

Kwa hivyo nilimpunguzia Mwas futi nzima upande wa nje, na wewe ulisema mguu ulizidi mstari kwa kiganja. Na mstari wa haki ungekuwepo, mguu ungekuwa ndani. Nimemtoa mtoto wangu kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikakuandikia wewe barua ya kukulaumu. Nimeona aibu. Nimelia juu ya cherehani mpaka sindano ikakaribia kushika kutu. Mwas sijamwambia. Nitaanzaje?

Lakini ulinipa kazi ya kumuuliza, na nimeifanya. Alikuwa anakula githeri. Nikamuuliza bila kumtazama, "Kwani siku ile ulisogea kwa nini?" Akatafuna kwanza. Akasema, "Cucu, jamaa alikuwa na kazi. Nikampisha."

Niliweka kijiko chini, Ndila. Wewe hujaiona nyumba yangu. Ni chumba kimoja. Cherehani iko hapa, kitanda pale, na katikati napita mimi na pasi ya makaa. Tangu akiwa mdogo nimekuwa nikisema "Pisha!" kabla sijageuka. Mara moja tu hakupisha, na alama iko kwenye kiwiko chake hadi leo. Baada ya hapo sikuhitaji kusema. Akisikia nainuka, anageuza kichwa juu ya bega, anaona nimebeba nini, anarudisha mguu wa kulia nyuma.

Sasa unajua yote. Mstari ni wangu na mguu pia ni wangu. Nihukumu, lakini usinifiche kitu.

Warigia


Kamenu
Alhamisi, 20 Machi 2025

Cucu (kwetu nyanya ni susu, lakini nitakuita wanavyokuita nyumbani),

Sikuweza kukuhukumu nikiwa nimeketi. Nilifunga duka mapema nikamchukua kaka yangu Nzioki, aliyekuwa mdakaji zamani kabla ya tumbo, tukaenda kiwanjani. Nilichora boksi lako, tatu kwa saba. Kisha juu yake nikachora la haki, nne kwa sita, kwa majivu ili niyatofautishe. Nzioki akachuchumaa, akalalamika magoti, akaruka mara ishirini. Mara zote ishirini nilifanya alivyofanya Mwas: nikatazama juu ya bega na kurudisha mguu wa kulia.

Ni kweli. Kwa mstari wako mguu ulikuwa nje, na kwa mstari wa haki ulikuwa ndani.

Na mara zote ishirini tuligongana.

Rudi kwenye barua yangu ya kwanza. Niliandika kutoka nje ya boksi, au mwendo wowote mwingine unaomzuia. Ungemchorea Mwas boksi kubwa kama kitanda, bado ningemtoa, kwa sababu alisogea akaingia kwenye njia ya Mutie. Chokaa yako haikumtoa. Futa machozi kwenye hiyo cherehani.

Lakini mimi nina langu. Siku ile nilisema kwa sauti "nje ya boksi", na ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti, kwa sababu mstari ni rahisi kuuonyesha watu wanapokupigia kelele. Uamuzi ulikuwa sawa, sababu niliyoitoa haikuwa sawa. Na kukagua mistari kabla ya mchezo ni kazi ya mwamuzi, imeandikwa. Nilifika, nikaona ilivyonyooka, nikaipenda, nikapita. Nimewaandikia kamati hayo yote. Jina lako sikulitaja, nimesema tu kwamba fremu ilibadilishwa na mimi sikupima. Wamenipumzisha mechi mbili. Moja ni ya tarehe 29. Ningesimama nyuma ya kibao siku hiyo, mara yangu ya kwanza kwenye uchaguzi wa kaunti. Nimeumia, sitakuficha. Ila ule mguu umeacha kunifuata kanisani.

Karatasi uliyoitaka ni hii hapa:

Mimi, Ndila Maluki, mwamuzi, nathibitisha kwamba Mwas alimzuia mdakaji na kwamba alitolewa kwa haki. Nathibitisha pia kwamba hakucheza rafu. Alikuwa anampisha mtu aliye na kazi. Sheria haikuuliza hilo. Mimi nimeuliza.

Mwambie boksi ni nyumba yake. Mdakaji ndiye mgeni, mgeni atajitafutia njia. Yeye asimame tu. Na ile habari ya chokaa umwambie wewe mwenyewe, kabla hajaisikia kwa watu.

Ndila


Ruiru
Jumatatu, 24 Machi 2025

Niaje Refa,

Ni Mwas. Cucu ameniambia nikuandikie, na Cucu akisema unaandika.

Ameniambia story ya chokaa. Alianza kulia, mimi nikaanza kucheka, akanichapa na futi ya kitambaa, halafu tukacheka wote. Alifikiria nitamkasirikia. Mimi nilikuwa nimekasirikia watu wote isipokuwa yeye.

Nikuambie ukweli, kupoteza fainali haikuniuma sana. Iliniuma vile ulinionyesha kidole na watu wakaanza kuniita mwizi. Nilifikiria na wewe umeniona mwizi. Karatasi yako nimeisoma. Iko ndani ya Biblia ya Cucu sasa, siruhusiwi kuishika na mikono chafu.

Sasa kila jioni nikitoka kuosha magari ananisimamisha uani kwenye boksi, Ciku anaruka nyuma yangu na pazia kichwani. Natakiwa kukaa tu. Refa, ni ngumu! Siku ya kwanza nilisogea mara tisa kati ya kumi. Mguu unajiendea wenyewe. Nikimsikia Ciku akiinuka, mwili unasema pisha. Jana nimesogea mara nne.

Wewe uliwezaje kujifunza kusimama hapo nyuma, mpira ukija usoni, bila kukwepa? Nijibu hiyo.

Jumamosi sijaamua kama nitaenda. Gongo limetoka nyuma ya kabati, hiyo tu.

Pole kwa kupumzishwa. Ni kama nimekutoa pia.

Mwas


Gitothua
Jumatatu, 31 Machi 2025

Ndila wangu,

Mutiso ataniambia nimemjazia mzigo, lakini barua hii ni ndefu kidogo na ndani yake kuna kitambaa. Nimekushonea mfuko mpya wa kubebea mipira kiunoni, kwa sababu ule wako niliuona siku ile umefumuka upande mmoja. Mechi ya tatu utarudi nao uwanjani kama mtu.

Alienda. Ijumaa jioni hakuwa amesema kitu. Jumamosi nikaamka nikakuta amepiga viatu brashi, vyake na vyangu. Nikajua.

Tulifika saa moja. Nilienda moja kwa moja stoo na futi yangu. Sasa kila fremu imeandikwa kwa kalamu nene, hii ya besiboli, hii ya softiboli, na mwamuzi wao, kijana mmoja mrefu kutoka Githurai 45, amepima mistari yote mbele yangu. Alidhani mimi ni wa kamati. Sikumrekebisha.

Mwas alipopata zamu yake, mdakaji alikuwa nani? Mutie, yule yule wa Thika. Na Kagwe yuko beisi ya pili, yule yule. Nilishika mkono wa Ciku. Mpira ukarushwa, Mwas hakuupiga, Kagwe akachomoka. Nikamsikia Mutie akiinuka, nami nilikuwa mbali! Nikaona kichwa cha Mwas kinageuka juu ya bega. Nikaona kisigino cha kulia kinainuka. Nikasema moyoni, kaa hapo. Ciku ananiambia sikusema moyoni, ati nilipiga kelele mpaka kocha wa uwanja wa pili akasimama.

Kisigino kikarudi chini, palepale kilipokuwa. Mutie akamzunguka kwa nyuma, akarusha, wakamnasa Kagwe vizuri kabisa. Kagwe wetu! Na mimi nikarusha mwavuli kwa furaha, watu wa Ruiru wakinitazama kama nimehama timu. Mutie alipokuwa akirudi kuchuchumaa alimgonga Mwas begani kwa glavu. Zamu iliyofuata Mwas akapiga mpira ukaenda kwenye mahindi ya watu.

Majina yalisomwa saa tisa. Vijana kumi na wanane. La Mwas lilikuwa la kumi na nne, na mimi nilikuwa nimeshakufa mara kumi na tatu.

Ningependa ungekuwepo. Nilitazama pale nyuma ya kibao, nikamwona yule kijana mrefu amesimama mahali pako, na furaha yangu ikaingia uchungu kidogo. Mwas amesema hatakupa jezi yake ya kwanza ya kaunti, lakini atakuonyesha.

Kuna kitu kimoja kimebaki, na nakuandikia wewe kwa sababu nani mwingine ataelewa?

Usiku wa Ijumaa niliogopa. Niliwaza, nimemfundisha wiki nzima asimpishe mtu. Je, akijifunza kweli?

Jana baada ya kanisa nilikuwa napiga pasi sare za shule za wateja. Mwas alikuwa amesimama katikati ya chumba, amenipa mgongo, anamweleza Ciku mchezo wote kwa kijiko na chumvi. Nikainuka na pasi, makaa yamejaa, mekundu kabisa. Sikusema pisha. Nilitaka kuona.

Hakuacha kuzungumza. Aligeuza kichwa juu ya bega, akaona nimebeba nini, akarudisha mguu wa kulia nyuma.

Nikapita.

Cucu wako,
Warigia